Mabaki ya Jumanne

Atupele mwanangu,

Umetoka sasa hivi na Papa Bahati kwenda mjini kununua kufuli la begi, na najua mtachelewa, maana yule mwanamume hawezi kupita kwenye duka la simu bila kuingia kusalimia kila Mkongo aliyemo ndani. Nina kama saa mbili. Nimekaa kwenye kitanda chako, juu ya godoro lililokwisha kuvuliwa shuka, na daftari lako la zamani la hesabu magotini, kwa sababu ndiyo karatasi pekee ambayo hatujaipakia.

Sitakuandikia mambo ya sweta. Baridi ya Cape Town umeshaambiwa na kila mtu, mpaka na dereva wa taksi ya asubuhi. Mambo ya kula, kulala, kusali na kujihadhari na wanaume nimeyasema miaka kumi na minane, na kama hayajaingia basi hayaingii leo. Naandika kwa sababu nimetumwa. Kuna mtu ameniagiza nikufikishie sentensi moja, na tangu Alhamisi nimeibeba mdomoni nikashindwa kuitoa. Mara tatu nimekuita jikoni, mara tatu nikaishia kukuuliza kama unataka chai. Jana ulicheka, ukasema, "Mama, tangu uolewe umekuwa mtu wa chai tu." Nikacheka na mimi, kisha nikaingia bafuni nikafungua bomba ili usinisikie.

Kwa hiyo naiandika. Nitaweka barua hii kwenye mfuko wa pembeni wa begi, na nitakuomba usiifungue mpaka basi lipite Pietermaritzburg, kwa sababu sitaki uwe unautazama uso wangu wakati unaisoma. Sentensi yenyewe ni fupi. Inamhusu Bibi Freda. Najua hulipendi tena jina hilo. Ila siwezi kuanza nayo, maana ukiisoma peke yake hutaelewa kwa nini mama yako mtu mzima analia kwa ajili ya sentensi yenye jiko ndani yake.

Lazima nianze na Papa Bahati. Usigune.

Leo ni wiki ya saba tangu tuoane, na bado nikisikia funguo zake mlangoni moyo unanidunda kama msichana wa kidato cha pili. Ananipigia pasi yunifomu ya kazi. Ananiita sheri, yaani mpenzi kwa Kifaransa chao, mbele ya watu, hata kwenye foleni ya supamaketi, nami najifanya nakereka. Anarudi kutoka ghala la Clairwood akinuka mafuta ya mashine na makatoni, na mimi naipenda harufu hiyo kiasi kwamba shati lake la Ijumaa huwa silifui mpaka Jumapili. Nina miaka arobaini na minne na sikujua kwamba mtu anaweza kupendwa hivi. Naona haya kukuandikia, lakini nimejaa, Atupele, nimejaa mpaka namwagika, na kama nisingekuwa nimejaa nisingekuwa na nguvu ya kuandika haya mengine.

Unamkumbuka yule ndugu wa kanisani aliyekuja kabla yake. Alikuja na suti, akakaa kwenye kochi letu, akafumba macho akasema, "Dada Agnes, nimeonyeshwa wewe. Siku tatu mfululizo nimeonyeshwa wewe." Wewe ulikuwa jikoni unamenya viazi, ukasema kwa sauti ya kusikika, "Labda alionyeshwa Agnes." Maana mimi siitwi Agnes.

Tulicheka wiki nzima. Lakini nikiwa peke yangu sikucheka. Yule mtu alikaa na mimi saa nzima na hakuniona. Nilikuwa kitu ndani ya ndoto yake, kazi yangu ni kukaa pale ilipoandikwa nikae. Papa Bahati, siku ya kwanza tuliyokunywa chai pamoja, aliniuliza jambo moja tu. "Mama Atu, unapendaka tangawizi ama hapana?" Nikamwambia hapana. Mpaka leo hajawahi kuniwekea tangawizi. Wanawake wengine wanapendwa kwa maua, mimi nilipendwa kwa tangawizi ambayo haikuwemo kwenye kikombe, na nilijua hapo hapo kwamba nitaolewa na mtu huyu.

Nilijua na jambo lingine hapo hapo, na hilo sikulipenda. Nilijua kwamba vile yule ndugu wa suti alivyonitazama mimi, ndivyo mimi nilivyomtazama Bibi Freda kwa miaka sita.

Ulikuwa na miaka tisa nilipopata kazi kwake, kule juu mtaa wa Berea, hapa hapa Durban, kwenye lile ghorofa ambalo dirisha la jikoni linaona bandari yote na kilima cha Bluff upande wa pili. Mjane, mwalimu wa hesabu mstaafu, Myahudi. Siku ya kwanza aliniambia nimwite Freda. Nikashindwa. Kwetu Tukuyu mtu wa umri ule humwiti jina tupu kama unaita mbuzi. Nikamwita Bibi Freda, na alipojua maana ya neno hilo akasema, "Mwanangu ameshindwa kunipa mjukuu, wewe umenipa kwa neno moja."

Akajifunza maneno mengine. Alilolipenda kuliko yote lilikuwa mabaki. Alipenda chakula cha jana kuliko cha leo. Alisema cha leo bado hakijaamua kitakuwa na ladha gani. Basi kila nilichopika nilikiweka kwenye bakuli, nikabandika kipande cha plasta juu ya kifuniko, nikaandika: Mabaki ya Jumanne. Mabaki ya Alhamisi. Akifungua friji alisoma kwa sauti kama anaita majina darasani. Na kama friji ilikuwa tupu aliniuliza, "Mabaki iko?", kwa sababu hiyo iko alifundishwa na mlinzi wa getini, Mkongo. Nawe ukitoka shule ulipanda taksi mpaka kwake, ukala mabaki, ukafungua daftari. Ni hili hili ninaloandikia. Kurasa za mwanzo zina mwandiko wake wa penseli.

Miaka hiyo ndiyo nilikuwa nimezama kwenye darasa la unabii. Ule ukumbi juu ya duka la mapazia, katikati ya mji, na ile chati ya kitambaa iliyoshuka ukuta mzima, yenye mishale, farasi na lile jua jeusi lililokuwa likikutisha. Mwalimu alitufundisha kwamba Wayahudi ni saa ya Mungu. Ukitaka kujua dunia imebakiza muda gani, watazame wao. Lazima warudi wote kwenye nchi yao. Wakisharudi itakuja vita ambayo haijawahi kuwapo, theluthi mbili yao watakufa, na mabaki watamtambua Yesu, naye atashuka. Niliandika yote hayo kwa wino wa rangi mbili. Siku moja niliinua mkono nikasema kwamba mimi namfanyia kazi mmoja wao.

Ukumbi mzima uligeuka kunitazama. Mimi niliyekuwa nakaa nyuma, karibu na mlango wa choo, tangu siku ile nikapewa kiti cha mbele. "Dada yetu anashinda na saa ndani ya nyumba," Mwalimu alisema. Nilijisikia mtu kwa mara ya kwanza tangu nivuke mpaka wa Tunduma na wewe mgongoni. Kila Jumapili waliniuliza, "Anasemaje?" Niliwaambia kwamba Ijumaa jua likikaribia kuzama anawasha mishumaa miwili na kufunika macho. Wakaandika. Niliwaambia hachanganyi nyama na maziwa. Wakaandika. Hakuna aliyeniuliza kama goti lake limepona, na mimi sikuwaambia kwamba ana goti.

Siku ya mabaki ulikuwepo. Ulikuwa na miaka kumi na minne, unafanya hesabu za sehemu kwenye meza ya jikoni, yeye anamenya chungwa. Akaniuliza, bila ubaya wowote, "Mama Atu, kanisani kwenu mnasema nini kuhusu sisi?"

Nilifurahi sana. Nikafuta mikono, nikakaa, nikamweleza yote, kurudi kwao, vita, theluthi mbili. Kiingereza changu unakijua. Nilipofika kwenye lile neno sikujua Waingereza wanasemaje, nikalisema kama lilivyo kwenye Biblia yetu.

"Na mabaki wataokoka."

Akacheka. "Mabaki? Kama kwenye friji?"

"Ndiyo, Bibi. Neno ni hilo hilo."

Kisha akaacha kucheka. Wewe ukainua penseli ukauliza, "Theluthi mbili ya wangapi?"

Nikakwambia unyamaze.

"Mama, nauliza tu. Bibi Freda anasema sehemu haina maana mpaka ujue ni ya kitu gani. Ni theluthi mbili ya wangapi?"

Nikakupiga mkono, penseli ikaruka mpaka chini ya friji. Miaka minne nimejiambia nilikupiga kwa utovu wa adabu. Sikukupiga kwa hilo. Ulitaka kuwahesabu, mwanangu, na mimi sikutaka wahesabike, kwa sababu mtu akishaanza kuhesabu atafika kwa huyu anayemenya chungwa.

Bibi Freda alikuvuta ukae karibu naye. Akaniambia taratibu, "Mama yangu alikuja Durban na mjomba wake, kutoka Lithuania, ana miaka kumi na miwili. Wale aliowaacha nyumbani waliuawa wote. Baba, mama, wadogo zake, mtaa mzima. Mpaka anakufa alikuwa anaficha mkate chini ya mto. Mimi nimelelewa na mabaki, Mama Atu. Sasa unaniambia Mungu anataka kurudia?"

Ningeweza kunyamaza. Nilimjibu. Nilimwambia kwamba safari hii itakuwa kwa ajili ya wokovu wao. Alinitazama vile alivyokutazama wewe ukikosea hesabu ile ile mara ya tatu.

"Na mimi nikibaki hapa jikoni kwangu?"

"Saa itachelewa, Bibi."

"Saa yangu ile pale ukutani," akasema. "Inachelewa dakika tano, na hakuna aliyekufa."

Akainuka, akatoa mabaki ya Jumanne, tukala wote watatu. Hakunifukuza kazi. Mpaka leo sijui kwa nini.

Mpaka hapo unajua. Yanayofuata huyajui.

Miezi michache baadaye nilibandika maharage, umeme ukakatika, ulikuwa mgao. Niliacha swichi ya jiko ilivyokuwa, nikaenda sebuleni, nikachomeka waya za simu masikioni nikamsikiliza Mwalimu. Alikuwa anafundisha juu ya moto utakaoshuka. Umeme ukarudi, nami sikusikia hata friji ikianza kunguruma. Bibi Freda alikuwa amelala chumbani kwake. Aliyenishtua ni mlinzi, anagonga mlango kwa ngumi, "Mama, huku iko moshi." Sufuria ilikuwa imeungua mpaka kitako na pazia la jikoni limeshika moto. Tulilizima kwa ndoo.

Meneja wa jengo akapanda, akauliza nani ameacha jiko likiwaka. Unajua karatasi zangu za kibali zilivyokuwa siku zile. Neno moja tu na ningekuwa nimekosa kazi na nyumba. Bibi Freda akatoka chumbani na fimbo yake, nywele zimesimama, akasema, "Mimi. Nimezeeka, nimesahau. Utanifunga?" Meneja akashuka. Bibi akachungulia ndani ya sufuria, akaniambia, "Haya hata mimi siwezi kuyaita mabaki." Hakusema lingine, si siku ile wala baadaye.

Wiki mbili zikapita, mwanawe akapiga simu. Alihamia Israeli zamani, na kila mwaka alimwomba mama yake amfuate, na kila mwaka mama yake alikataa. Mume wake amezikwa hapa Durban. Unakumbuka alikuwa anampelekea kokoto, kwa desturi yao ya makaburini, nawe ulimbebea mfukoni mwa sketi ya shule. "Nikienda, nani atamletea?" ndivyo alivyosema siku zote. Siku hiyo ya simu Bibi alikuwa anaoga, nikapokea mimi. Mwanawe akasema, "Niambie ukweli. Mama yangu bado anajiweza?"

Usije ukadhani niliteleza, Atupele. Nilikuwa na muda wa kufikiri. Nilisikia maji ya bafuni, nikasikia anavyoimba humo ndani vibaya vibaya. Nikafikiria Jumapili, na kile kiti cha mbele. Nikasema, "Hapana. Anasahau. Juzi ameacha jiko likiwaka, nyumba nusura iungue. Muulize meneja wa jengo, mama alikiri mwenyewe."

Na kweli alikuwa amekiri. Alikiri ili mimi nisifukuzwe, na mimi nikalichukua neno lake nikamfungia nalo.

Hakupata pa kutokea. Kila aliposema si yeye, walisema, mnaona, hata hakumbuki. Mwanawe alipokuja kumchukua, walikuwa wanabishana sebuleni nami nafunga sanduku. Bibi Freda akanigeukia, akasubiri. Alikuwa ananipa nafasi. Nikainama nikaendelea kukaza mkanda wa sanduku, mkanda ambao ulikuwa umeshakazwa.

Jumapili nilisimama mbele nikatoa ushuhuda kwamba nimerudisha mmoja. Walipiga makofi. Nililia kwa furaha, mwanangu. Kwa furaha.

Wewe ulikuwa safari ya shule wiki hiyo. Uliporudi ulikuta nyumba yake tupu, ukaniomba namba yake. Nikakwambia, "Amepoteza kumbukumbu. Hata ukimpigia hatakujua." Ulikaa siku mbili bila kula. Siku ya tatu ukaanza kumkasirikia, ukasema mtu aliyekupenda kweli hawezi kukusahau hata jina, na picha yenu ukaitoa ukutani. Nikakuacha umkasirikie. Ilikuwa nafuu kwangu kuliko unikasirikie mimi.

Kisha vita ikaanza kule Israeli. Tulikuwa ukumbini, Mwalimu ameonyesha habari kwenye ukuta, juu ya ile chati. Watu wanakimbia, majengo yanaanguka, na upande wa pili wa mpaka vilevile, watu wamebeba watoto wao kwenye mashuka. Ukumbi ukasimama, ukapiga makofi. Viganja vyangu vilikutana mara moja, mara mbili. Halafu nikakumbuka goti. Bibi Freda hawezi kushuka ngazi bila kuegemea ukuta, mguu wa kulia kwanza, kisha anapumzika. Nikamwona anaegemea ukuta, na kila mtu anampita. Nilitoka nje nikasimama kwenye roboti, hizi taa za barabarani, zikabadilika na kubadilika, sikuvuka. Ndiyo Jumapili niliyokwambia tumbo linauma. Sikurudi tena pale, nawe hukuuliza, ulifurahi tu kwamba sasa tunalala mpaka saa tatu.

Bado naamini Yesu atarudi. Sitaki ufikiri kwamba mama yako ameacha imani kwa sababu ya aibu. Ila ile kazi ya kumsukumia mishale ya saa nimeiacha. Hakuna aliyenipa kazi hiyo, nilijipa mwenyewe.

Lakini kuacha ukumbi si kusema ukweli. Nilinyamaza. Namba ya simu ya kule kwa mwanawe nilikuwa nayo muda wote, nyuma ya jalada la daftari la unabii, na sikuipiga. Niliogopa asiwepo duniani, na niliogopa zaidi awepo.

Mwezi uliopita Papa Bahati alikuwa anaosha vyombo, nami nakausha, tunagombania kitambaa kama watoto, unajua upuuzi wetu. Nikamwambia kwamba niliwahi kufanya kazi kwa Myahudi. Nikaanza habari za saa na chati, maana ndivyo nilivyozoea kumsimulia. Akafunga bomba.

"Ile bibi," akauliza, "alikuwa anapendaka nini?"

 Kilinijia kimoja tu. "Mabaki," nikasema, na nikalia mpaka akaogopa akafikiri nimejikata kwa kisu. Nilimwambia yote, jiko, simu, mkanda wa sanduku. Nilidhani ndoa imekwisha ikiwa na wiki tatu. Alikausha sahani zote zilizobaki, moja moja, hanitazami. Mwisho akasema, "Sheri, hii si ya kuniambia mimi." Usiku na mchana hakuitaja tena, na bado aliendelea kunipigia pasi yunifomu, na hiyo ndiyo iliyonishinda. Ungeniona ninavyopitisha siku nikiwa na furaha na aibu kwa pamoja, sijui ni ipi inayonitoa machozi.

Alhamisi nilipiga. Bibi Freda alipokea mwenyewe. Sauti yake imekuwa nyembamba, lakini ni ile ile. Nilisema jina lako kabla sijasema langu, kwa uoga. Kisha nikasema nilichofanya, kwa Kiingereza changu kibovu, tangu mwanzo mpaka mwisho, na sikujitetea ila mara moja.

"Nilijua," akasema. "Mwanangu aliniambia siku ile ile ulichomwambia."

"Nisamehe, Bibi."

Hakusema amenisamehe. Sitakudanganya ili uondoke na moyo mwepesi. Aliuliza, "Na mtoto? Mtoto anafikiri mimi nimepoteza akili?"

"Ndiyo, Bibi."

"Miaka mitatu yote?"

"Ndiyo."

Nikasikia anahamisha simu kwenda sikio jingine. Kisha akaniambia maneno ya kukufikishia. Akasema nikwambie hilo kwanza, mengine ataona. Na akanirudisha kama mwanafunzi: "Sema tena nisikie." Nikayarudia. Akaniuliza unasoma nini sasa. Nikamwambia unakwenda Cape Town kusomea hesabu.

"Bila shaka," akasema. "Siku ile ni yeye peke yake aliyeuliza ya wangapi." Akakata simu.

Juzi mimi na Papa Bahati tulikwenda makaburini. Kokoto zile za zamani zipo, zimeshika ukungu, hakuna mpya hata moja. Niliokota moja nikaishika mkononi, nikaona sina haki ya kuiweka. Nimeitia kwenye mfuko wa begi pamoja na barua hii. Ukirudi likizo utaipeleka wewe, ukitaka.

Sina somo la kukupa, Atupele. Huko uendako watakuwepo watu wenye chati, za dini au za mambo mengine, na watakupa kiti cha mbele, na kiti cha mbele ni kitamu sana kwa mtu aliyekaa karibu na choo. Uliza vile ulivyouliza siku ile. Ule mkono niliokupiga naomba uusamehe kwanza, hata kama mengine yatachukua miaka. Namba ya Bibi Freda nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Anasikia vizuri zaidi sikio la kushoto, kwa hiyo mpe muda wa kuhamisha simu.

Nasikia lifti, na mtu anaimba ndani yake, nawe unamwambia, "Papa, watu watatusikia." Nitasimama kuwafungulia, nitauliza kuhusu kufuli, na nitakupa chai.

Hii ndiyo sentensi niliyotumwa. Bibi Freda hakuwahi kuacha jiko likiwaka, hata siku moja. Aliyeliacha ni mimi.

Mama yako